Sahani ya Mjusi Ndevu: Namna ya Kumlisha Tangu Akiwa Mdogo

Mwanangu alipotimiza miaka tisa alikataa baiskeli. Alitaka mjusi. Mimi niliyekulia Bukoba, ambako mjusi akiingia ndani hutolewa kwa ufagio, nikajikuta dukani hapa Manchester nalipia kizimba cha kioo, taa mbili, na mnyama mdogo anayenitazama kama ananidai. Mtoto akampa jina Babu, kwa sababu ya ndevu.

Babu sasa ana miaka sita na ana uzito wa gramu 460. Karibu kila kosa la chakula linaloweza kufanyika nyumbani, tumelifanya. Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa mzazi mwenzangu wa ughaibuni ambaye mnyama ameshaingia ndani na dukani alipewa kijikaratasi kimoja tu.

Kwanza umjue ni nani. Kitaalamu anaitwa Pogona vitticeps, na kwao ni maeneo makavu ya katikati ya Australia. Ni wa ukoo mmoja na yule mjusi wa mawe ya Mwanza, mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juani mchana kutwa. Babu naye hupiga pushapu zake akimwona paka wa jirani dirishani. Australia iliacha kuruhusu biashara ya kuuza wanyama wake wa porini nje ya nchi tangu miaka ya 1960, kwa hiyo huyo wako hakukamatwa porini, amezaliwa kwa wafugaji. Lakini tumbo lake bado ni la nyikani: anakula mdudu akimpata, jani akilikuta, ua likianguka mbele yake, tunda siku ya bahati. Hapendi kitu kimoja kila siku, na hata akipenda, hakimfai.

Hatua ya 1: Jua umri wake kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mjusi mdogo na mjusi mzima ni kama wanyama wawili tofauti mezani.

Mtoto, yaani wa chini ya mwaka mmoja, anajenga mwili kwa kasi ya kutisha. Chakula chake kikubwa ni wadudu, karibu robo tatu ya anachokula. Mpe mara mbili au tatu kwa siku, na kila mara mwachie ale anachoweza kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha uwatoe waliobaki. Majani yawepo kila siku kwenye kisahani hata kama atayakanyaga tu. Atayakanyaga kwa miezi. Endelea kuweka.

Mzima, kuanzia mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, mambo yanageuka juu chini: robo tatu iwe majani na mboga, kila siku, na wadudu mara mbili au tatu tu kwa wiki. Babu hupata nzige wakubwa wanne au watano kwa mkupuo, Jumanne na Ijumaa, na mara nyingine Jumapili mwanangu akimwonea huruma. Ukiendelea kumlisha mtu mzima kama mtoto, ananenepa, mafuta yanajaa kwenye ini, na kwa nje utaona anapendeza tu.

Hatua ya 2: Taa kabla ya chakula

Najua umekuja kusoma habari za chakula. Lakini bila joto na miale sahihi, chakula kizuri kinaozea tumboni.

Sehemu yake ya kuota jua, pale chini ya balbu, iwe kati ya nyuzi 38 na 42 za Selsiasi. Upande wa pili wa kizimba uwe na ubaridi, nyuzi 24 hadi 28, ili achague mwenyewe. Kisha anahitaji taa ya miale ya UVB. Miale hiyo ndiyo inayoifanya ngozi yake itengeneze vitamini D3, na bila D3 kalsiamu haiingii mwilini hata umwagie gunia zima.

Mimi ni muuguzi, nikasomewa habari hii dukani nikajua mara moja ni nini: matege. Ni matege yale yale ya watoto wetu. Mifupa inalainika, taya linakuwa kama mpira, miguu inapinda, mnyama anatetemeka vidole. Na ndiyo maana sisi wenyewe weusi huku tunaambiwa tumeze vitamini D mwaka mzima, jua la hapa halitutoshi. Jua la dirishani halimsaidii mjusi wako, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo. Taa ya UVB nayo hufa kimya kimya: inaendelea kuwaka huku miale imekwisha. Yetu tunaibadilisha kila mwaka, tarehe nimeiandika kwa kalamu kwenye plasta ubavuni mwa kizimba.

Taa ikishawaka asubuhi, mwachie saa moja au mbili apate moto ndipo umpe chakula. Jioni, mlo wa mwisho uwe saa mbili kabla ya kuzima taa. Akilala na tumbo limejaa mwili ukiwa baridi, chakula hakisagiki.

Hatua ya 3: Majani, na hapa sisi tuna bahati

Msingi wa bakuli lake ni sukuma wiki. Sikutanii. Jani linalosifiwa kuliko yote na wafugaji wa mjusi huyu ni lile lile linalosukuma wiki ya mshahara Nairobi. Lina kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, na huo ndio uwiano unaoutafuta: kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi. Huku Uingereza hatuuziwi kwa jina hilo, lakini kila Mswahili anajua lile fungu la majani ya kijani la sokoni analolinunua badala yake. Hilo hilo.

Lakini si sukuma wiki peke yake. Mimi huchanganya majani ya aina mbili au tatu na kubadilisha kila ninapokwenda sokoni. Majani ya haradali kutoka duka la Wahindi. Majani ya tanipu. Chikori. Rukola kidogo, giligilani kidogo. Na dandelioni, lile gugu la maua ya njano linalomea kila uwanja wa Ulaya na Marekani: ni jamaa wa karibu wa mchunga wetu, lina hata ule uchungu wake, na Babu hula jani na ua vyote. Chuma kwenye bustani yako tu, mahali unapojua hapajapuliziwa dawa na mbwa hawapakojolei.

Juu ya majani ongeza mboga moja yenye rangi. Boga au boga la karanga (butternut) likiwa bichi, ukilikwangua kwa greta, ndilo bora. Pilipili hoho pia. Karoti mara mojamoja, viazi vitamu vibichi vilivyokwanguliwa mara mojamoja.

Kukata nako kuna namna. Mwanzoni nilikuwa nakata kwa mtindo wa nyumbani: nayakunja majani kama sigara, nakata nyuzi nyembamba. Babu akawa anameza uzi nusu, nusu unaning'inia, anautema kwa hasira. Sasa nakata nyuzi, nageuza ubao, nakata tena kwa upande wa pili, vipande vinakuwa kama ukucha wa kidole kidogo. Naosha, nakung'uta bila kukausha, na matone yanayobaki humwongezea maji yake ya siku. Bakuli moja la kujaa kiganja linatosha mjusi mzima. Ninakata ya siku tatu na kuyaweka friji kwenye kopo lenye karatasi ya jikoni chini.

Yapo majani yetu ambayo ni mazuri kwetu na mabaya kwake. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi, ambayo hukamata kalsiamu tumboni na kutoka nayo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampa Babu mchicha kila siku, kwa nia njema kabisa, huku nikimnunulia unga wa kalsiamu wa bei mbaya. Nilikuwa namwaga maji kwenye ndoo yenye tundu. Siku mojamoja hakuna neno, lakini usiufanye msingi. Majani ya biti ni hivyo hivyo. Kabichi na brokoli kwa kiasi, kwa sababu zikiliwa kila siku husumbua tezi ya shingo. Kisamvu usithubutu: kina sumu ya sianidi, na sisi tunakila kwa sababu kimetwangwa na kuchemshwa, na mjusi hapikiwi. Saladi ile nyeupe ya mviringo ni maji matupu, itampa kuhara tu.

Hatua ya 4: Wadudu

Mama yangu alipiga simu siku moja nikiwa natoa nzige kwenye kopo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Kelele gani hiyo?"

"Nzige, Mama. Chakula cha mjusi wa mjukuu wako."

"Mmewakamata wapi kwenye baridi hiyo?"

"Tumenunua."

"Kwa hela?"

"Kwa hela, Mama."

Akanyamaza. Kisha: "Na mjusi anakula peke yake?"

Kwa mtu wa Bukoba swali hilo lina haki yake. Senene, wale panzi tunaowala kwetu, ukiwakaanga, hakuna anayefikiria mjusi.

Basi, kanuni ya kwanza ya wadudu: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mkubwa kuliko hapo anaweza kumkwama, hasa mtoto.

Nzige ndio tunaowatumia zaidi huku. Wana protini nzuri, mafuta machache, na wanakaa juu ya matawi ambapo mjusi anawaona. Nyenje pia ni wazuri na bei ni nafuu, ila wananuka, na mmoja akikutoroka atakuimbia nyuma ya friji usiku kucha. Wetu aliimba siku kumi na moja. Usiwaache nyenje kizimbani usiku, wanamtafuna mjusi akiwa amelala. Mende wa dubia, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, hawapandi kuta laini, hawalii na hawanuki. Ni chaguo zuri ukiweza kuishinda nafsi yako. Mimi nimeshindwa. Neno mende ni mende.

Wanaonistaajabisha ni mabuu wa nzi chuma, wale wale wanaofugwa siku hizi Tanzania na Kenya kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Karibu kila mdudu wa dukani ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, lakini hawa wana kalsiamu ya kutosha wao wenyewe. Kwa mjusi mdogo ni zawadi. Viwavi wa hariri nao ni wazuri ukiwapata.

Minyoo wa unga na wale wenzao wakubwa wana ganda gumu na mafuta: mtu mzima apate mara chache, mtoto mchanga asipewe kabisa. Mabuu wa nondo wa nta ni peremende, sitaongeza hapo; kisa chao kinakuja.

Sasa jambo ambalo kijikaratasi cha dukani hakikulisema. Mdudu aliyekaa wiki nzima kwenye kopo la plastiki ana njaa, na mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Ukimpa hivyo, mjusi wako anakula ganda. Siku moja au mbili kabla ya kuwatumia, wahamishie kwenye chombo kikubwa, wape mabua ya sukuma wiki, maganda ya karoti, kipande cha kiazi kitamu. Sisi tunawapa mabaki yale yale ya ubao wa kukatia. Alichokula nzige ndicho kinachoingia kwa Babu.

Usiokote wadudu nje. Hujui wamepita kwenye dawa gani, wala wamebeba minyoo gani. Na ndugu zangu wa Marekani, tafadhali sana: vimulimuli wa huko wana sumu, na mmoja tu anatosha kumuua mjusi huyu. Watoto wakikesha nje kiangazi wakiwakusanya kwenye chupa, hakikisha chupa haiingii chumba chenye kizimba.

Hatua ya 5: Unga wa kalsiamu

Weka wadudu kwenye mfuko wa plastiki, tia unga wa kalsiamu robo kijiko cha chai, tikisa kama unavyotikisa dagaa kwenye unga kabla ya kukaanga. Wakitoka wamepauka vumbi jeupe, wape papo hapo, maana wakizurura wanajifuta.

Mtoto: karibu kila siku. Mzima: mara mbili au tatu kwa wiki, na siku asizokula wadudu unaweza kunyunyiza juu ya majani. Kama taa yako ya UVB ni nzuri, tumia kalsiamu isiyo na D3 kwa siku nyingi, kwa sababu D3 ya unga ikizidi hudhuru. Unga wa vitamini mchanganyiko, mara moja kwa wiki inatosha, na usiuweke siku moja na kalsiamu, utachanganyikiwa ulitia nini.

Hatua ya 6: Matunda na maji

Matunda ni kionjo: kipande au viwili, mara moja au mbili kwa wiki. Papai ndilo la kwanza kwangu, lina uwiano mzuri wa kalsiamu. Tini, embe, beri. Ndizi mara chache sana. Machungwa na ndimu hapana.

Parachichi ni mwiko, lina sumu ya persini inayoua. Rubabu (rhubarb) ni mwiko. Vitunguu vyote viwili ni mwiko. Chakula cha paka na mbwa ni mwiko pia, hata kama mnyama amekikimbilia kwa furaha.

Maji weka kwenye kisahani kifupi, ubadilishe kila siku, ingawa wengi hawayaoni mpaka yatikisike. Mnyunyizie pua asubuhi utaona anavyolamba. Angalia sehemu nyeupe ya kinyesi chake, ambayo ndiyo mkojo: ikiwa laini na nyeupe, yuko sawa. Ikiwa ya njano na ngumu kama chokaa, ana kiu.

Akikataa majani

Babu alipofikisha mwaka mmoja na nusu, mwanangu aligundua mabuu wa nondo wa nta. Wanene, wa maziwa, na Babu aliruka kuwapokea. Mtoto akawa anampa watatu kila jioni akitoka shule, na mimi niko zamu ya usiku. Wiki ya nne nikaona Babu anatazama bakuli la majani, anafumba macho. Nzige pia hataki. Vile vinundu vya mafuta juu ya kichwa vimevimba kama vipele. Daktari wa wanyama alimshika tumbo akasema maneno mawili: "Acheni peremende."

Tulifanya hivi. Mabuu wale wakaisha nyumbani siku hiyo hiyo. Majani yakawa ya kwanza asubuhi, akiwa na njaa, na wadudu wakawa jioni tu, tena siku moja ndiyo, siku moja hapana. Siku ya tano nikaanza ujanja: minyoo wa unga wawili juu ya bakuli, wanajipinda kati ya majani, akiuma mnyoo anaondoka na jani. Boga lililokwanguliwa lilisaidia kwa sababu wanavutwa na rangi. Ua la dandelioni ndilo lililovunja mgomo, alilitwaa kutoka kwenye kibano kabla sijalishusha. Zilipita siku kumi na tisa nzima mpaka akamaliza bakuli bila hila.

Mjusi mzima mwenye mwili anastahimili mgomo wa namna hii. Mdogo wa miezi michache hastahimili, usijaribu kumshindisha njaa. Mpe wadudu wake na uendelee kuweka majani.

Mzani na kinyesi

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki akiwa mdogo, kila mwezi akiwa mzima, uandike. (Si mizani unayopimia unga wa maandazi. Nunua nyingine.) Majira ya baridi mtu mzima anaweza kuacha kula na kulala wiki kadhaa, ni kawaida yao, na uzito haupungui sana. Ukiona unapungua waziwazi, au macho yamezama, au ni mdogo wa chini ya mwaka anayekataa chakula kwa siku mbili tatu, hiyo si baridi. Kagua joto kwanza kwa kipimajoto, si kwa kiganja, kisha nenda kwa daktari.

Mijusi hawa hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki ya jikoni, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na mtoto wa chini ya miaka mitano asimbebe. Kwetu kuna ndoo maalumu ya bluu bafuni, na ole wake atakayeileta jikoni.

Mara moja kwa mwaka mpeleke daktari kinyesi kibichi kwa ajili ya kuangalia minyoo. Tafuta daktari anayeshughulika na reptilia, maana wengi wanajua paka na mbwa tu, piga simu uulize kabla ya kwenda. Kichukue siku ile ile, kitie kwenye kichupa chenye mfuniko, kihifadhi mahali pa baridi. Na ukiweka kwenye friji, andika juu yake kwa herufi kubwa. Mume wangu alidhani ni achari.